Namna ya Kufuatilia Historia ya Kanisa la Kale la Kijiji nchini Uingereza

Anayetaka kuandika historia ya kanisa la kijiji lililojengwa Uingereza katika Zama za Kati kwa kawaida hukimbilia nyaraka, na hapo ndipo anapojikwaa, kwa sababu makanisa mengi ya aina hiyo hayana hati yoyote inayotaja mwaka wa kujengwa kwake wala jina la mwashi. Hata Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kililenga kuhesabu ardhi na mapato, na makanisa kiliyataja hapa na pale tu, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi kwamba kanisa halikuwepo. Anza na kuta.

Zunguka jengo kwa nje ukitazama matao na madirisha. Tao la nusu duara katika ukuta mnene mara nyingi ni la Wanormani, watu wa Normandia (Ufaransa) walioitwaa Uingereza, yaani kuanzia 1066 hadi mwishoni mwa karne ya 12. Dirisha jembamba lenye ncha kama ya mkuki ni la karne ya 13, na dirisha pana ambalo vigingi vyake vya mawe vinapanda wima hadi kugusa tao ni la kuanzia katikati ya karne ya 14. Usisahau, hata hivyo, kwamba dirisha huweza kuwa changa kuliko ukuta uliolibeba, kwani ukuta wa zamani ulitobolewa kila fedha zilipopatikana. Tena usishangae ukikuta ukumbi wa waumini ni wa fahari ilhali sehemu ya madhabahu ni duni: kwa desturi, sehemu ya madhabahu ilitunzwa na kasisi mwenye haki ya kupokea zaka, na ukumbi ukatunzwa na wanakijiji wenyewe, hivyo jengo lilikuwa moja lakini mifuko ilikuwa miwili.

Ukiingia ndani, beba kurunzi, na usiielekeze ukutani moja kwa moja. Ishike ubavuni, karibu na jiwe, ili mwanga ulambe uso wa ukuta na kila mkwaruzo utoe kivuli. Mfano bora ninaoujua uko katika kanisa la Mtakatifu Maria, kijijini Ashwell, Hertfordshire, lililojengwa kwa jiwe laini la chaki ambalo ncha ya kisu hulichora bila taabu. Ndani ya mnara, kwenye ukuta wa kaskazini, mtu alichora kwa Kilatini herufi M, kisha C mara tatu, kisha X mara tano, yaani 1350, akieleza tauni ya kusikitisha na ya kikatili iliyoacha watu wanyonge tu kuwa mashahidi. Chini yake yametajwa maneno ya upepo mkali wa Maurus, na mwaka 1361. Maandishi hayo yanatupa habari za msiba, lakini pia yanathibitisha jambo ambalo mwandishi wake hakulikusudia: kwamba ukuta huo ulikuwa umekwisha kusimama wakati huo.

Hapo pana mtego wa tarehe. Sikukuu ya Mtakatifu Maurus ni tarehe 15 Januari, na Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, desturi iliyodumu hadi 1752. Januari yao ya 1361 kwetu ni Januari ya 1362. Ukinakili tarehe ya kale bila kuligeuza hili, utaukosea mwaka mzima.

Baada ya kuta ndipo uende kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya husika. Rejista za ubatizo, ndoa na maziko ziliamriwa mwaka 1538, kwa hiyo usizitafute kabla ya hapo. Hesabu za wazee wa kanisa, palipobahatika kubaki, ni tamu zaidi: utaona chokaa ikinunuliwa wakati wa Mfalme Edward VI (1547–1553) ili kufunika picha za watakatifu, na chokaa hiyohiyo ndiyo iliyozihifadhi baadhi ya picha hizo hadi leo.

Mwisho, tafuta ramani na barua za ruhusa za ukarabati wa karne ya 19. Mafundi wa enzi ya Victoria walipenda mtindo wa kale kiasi cha kuuiga kwa ustadi mkubwa, na dirisha linalong'aa kwa ukamilifu, lisilo na jiwe hata moja lililolika, lichunguze mara mbili kabla ya kuliandika kuwa la karne ya 13.