Dungusi la nguzo: kipande kikauke kwanza, maji baadaye

Ukitaka dungusi linalosimama wima kama nguzo, usihangaike na mbegu. Mche wa mbegu hukua polepole mno, ilhali kipande cha shina kinaweza kutoa mizizi ndani ya wiki chache. Vipande vinavyokufa mara nyingi haviuawi na kiu. Vinaoza, na vinaoza kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka.

Hakikisha kwanza kwamba ulicho nacho ni dungusi kweli. Iko mimea ya jamii ya mnyaa inayofanana nalo sana. Miiba ya dungusi huchomoza kwenye vidoa vyenye manyoya mafupi kama sufi. Ile ya jamii ya mnyaa haina vidoa hivyo, na ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukikuingia machoni utajuta.

Chagua shina gumu lisilo na madoa laini, upate kipande cha sentimita 20 hadi 40. Lizungushie gazeti lililokunjwa ndipo ulishike. Futa kisu kikali kwa spiriti, kisha kata moja kwa moja bila kukereza. Kisiki kinachobaki kwenye mmea mama kikate mshazari ili maji ya mvua yateleze. Wala usiuonee huruma, kwa kawaida utachipua matawi mapya chini kidogo ya jeraha.

Sasa kigeuze kipande utazame upande wa chini ulipokata. Katikati utaona duara la mishipa, limezungukwa na nyama yenye majimaji. Mizizi mingi hutokea kwenye duara hilo. Nyama ikikauka husinyaa na kuingia ndani, lakini ganda la nje ni gumu, halisinyai kiasi hicho. Chini panabaki kama kibakuli, na duara la mizizi linaning'inia bila kugusa udongo. Ndiyo maana wazoefu huchonga kingo pande zote, kama unavyochonga penseli, ili katikati patangulie. Ukiona vitone vya kahawia au rangi ya chungwa ndani ya duara, uozo umeshapanda. Kata juu zaidi, ukifuta kisu kila mara, mpaka pawe safi kabisa.

Kisimamishe kivulini penye hewa, hata ndani ya chungu kitupu. Kikilazwa wiki nyingi, ncha hupinda ikitafuta mwanga na mizizi huweza kuchomoza ubavuni. Kipande chembamba huhitaji kama siku 7 hadi 10. Kinene kama mkono, wiki 3 au zaidi. Usihesabu siku tu, gonga jeraha kwa ukucha: kigaga kiwe kigumu, kikavu, kitoe mlio. Mimi cha kwanza nilikipanda siku ileile na kukimwagilia kwa moyo wote. Baada ya siku kumi nilikigusa kikaanguka, chini kimekuwa uji.

Chungu kiwe na matundu. Changanya udongo na mchanga wa chenga kubwa au kokoto ndogo, nusu kwa nusu, na usitie samadi. Fukia sentimita 3 hadi 5 tu. Kikiyumba, kiegemeze kwa vijiti. Kukizamisha zaidi ni kukaribisha uozo.

Kisha usimwagilie. Kipande kina akiba yake ya maji, na kikinywea kidogo si ugonjwa. Baada ya wiki 3 au 4 kisukume taratibu kwa kijiti: kikigoma, kimeshika. Hapo kipe maji kidogo, na baada ya wiki moja unaweza kulowesha chungu chote, ukisubiri udongo ukauke hadi chini kabla ya kurudia.

Jua nalo liende kwa hatua, kwanza la asubuhi. Ngozi iliyokaa kivulini huungua, ikaacha baka jeupe linalogeuka kahawia, na baka hilo halifutiki.