Ukulele kwa anayeanza: kodi nne zinatosha, shughuli yote iko mkono wa kulia

Watu wengi wakishika ukulele mara ya kwanza macho yote yanaenda mkono wa kushoto, vidole viko wapi, kodi hii inashikwaje, na video nyingi za mtandaoni nazo zinawapeleka hukohuko, mtu anakariri michoro wiki nzima alafu akiambiwa haya tupigie hata pambio moja anakwama mstari wa pili. Kiukweli kodi (za muziki hizi, noti kadhaa zinazolia pamoja, sio za nyumba) ndo sehemu rahisi ya hii ala. Nyuzi ni nne tu, laini, shingo fupi, hata mtoto wa darasa la pili anazifikia. Kinachofanya usikike unapiga au unagusagusa tu ni ule mkono unaocharaza, kwaiyo hayo mengine nitayapita haraka kidogo, hapo kwenye mkono ndo nitakaa.

Na hiyo ndo asili yake kabisa. Babu yake ni kigitaa kidogo cha kisiwa cha Madeira huko Ureno, kikafika Honolulu mwaka 1879 na meli ya Ravenscrag iliyoleta vibarua wa mashamba ya miwa, ndani yake wakiwemo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wahawaii wakakipenda, mfalme wao Kalākaua akakiingiza mpaka kwenye ngoma za ikulu. Yaani toka mwanzo kazi yake ilikuwa kubeba sauti za watu wanaoimba na kucheza. Masolo, yaani ala kupiga peke yake mbele, yalikuja baadae.

Sasa kununua. Saizi ziko nne: soprano ndo ndogo kuliko zote, kama sm 53 kwa urefu, konseti kama 58, teno kama 66, alafu baritoni ambayo ni kubwa zaidi na inatyuniwa (nyuzi kukazwa mpaka zifikie noti zake) tofauti, hiyo iache kwanza maana masomo mengi ya kuanzia hayataendana nayo. Mtu mzima mwenye vidole vinene achukue konseti, soprano nafasi kati ya freti (ile mistari ya chuma iliyokatiza shingo) ni finyu na utagusa nyuzi mbili kwa kidole kimoja. Mtoto mpe soprano. Dukani usidanganyike na rangi, zile za pinki na bluu zenye picha za samaki nyingine ni za kuchezea tu. Ijaribu hivi: piga uzi ukiwa wazi (bila kuubonyeza popote), alafu bonyeza freti ya 12 upige tena, inatakiwa itoke noti ileile ila ya juu zaidi, programu ya kutyuni kwenye simu ikuonyeshe herufi ileile katikati au karibu sana. Ikikaa mbali kabisa nyuzi zote, hiyo hata umpe nani hatoimba nayo, rudisha. Angalia pia urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao wa freti pale freti ya kwanza, kama ziko juu sana vidole vitauma bure na utajiona huna kipaji kumbe ala ndo mbovu.

Na jamani msiweke nyuzi za chuma. Kuna watu uzi ukikatika wanachomoa waya wa gitaa wanafunga. Ukulele imetengenezwa kwa nyuzi laini za nailoni au fluorokaboni (hiyo fluorokaboni ndo hiyohiyo wavuvi wanayotumia kwenye mishipi), mvuto wa chuma ni mkubwa, daraja (kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili) linang'oka au shingo inapinda.

Ukiipakata mwilini, uzi ulio karibu na kidevu chako ni G, unafata C, E, alafu A ndo uko karibu na sakafu. Kuna kitu kinachanganya waliozoea gitaa, huu G wa juu sio mnene, sauti yake iko juu kuliko C na E, mzito kuliko wote ni C. Kwaiyo usikaze wala kulegeza ukidhani imekosewa. Pakua programu yoyote ya kutyuni, ila hakikisha umechagua ukulele maana nyingine zinafunguka kwenye gitaa na zitakuambia upuuzi. Kaza ukitokea chini kwenda juu, ukipitiliza usirudi nusu, legeza mpaka chini alafu panda tena, uzi unakaa vizuri hivyo. Simu ikizima chaji tumia masikio: tyuni C kwanza, C freti ya 4 ndo sauti ya E ukiwa wazi, E freti ya 3 ndo G, E freti ya 5 ndo A. Nyuzi mpya zitashuka kila baada ya dakika chache, siku za mwanzo zote, ndo zinajivuta, wala sio kwamba ina kasoro. Tyuni kila unapoishika. Mtu anaepiga ukulele isiyotyuniwa kwa wiki anafundisha masikio yake uongo.

Kuishika: kaa, mwili wa ukulele uubane kifuani kwa mkono wa kulia hapa chini ya kiwiko, taratibu, usiikabe. Mkono wa kushoto hauibebi, shingo inakaa tu kati ya gumba na kidole cha shahada na kiganja kiwe wazi. Kucha za kushoto kata. Bonyeza kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo ya ule mstari wa chuma, sio juu yake na sio mbali nao, ukisikia inazizima kama nyuki jua umekaa mbali au hujabonyeza vya kutosha. Vidole vitauma siku za mwanzo, dakika kumi na tano kila siku zinatosha, ni bora kuliko masaa mawili ya Jumamosi.

Kodi zenyewe. Namba nazisoma kutoka uzi wa G kuja uzi wa A, kila namba ni freti ya kubonyeza, sifuri maana yake uzi uko wazi:

C ni 0003, kidole cha pete kwenye A freti ya 3, basi.
Am ni 2000, kidole cha kati kwenye G freti ya 2.
F ni 2010, cha kati palepale kwenye G, ongeza cha shahada kwenye E freti ya 1.
G7 ni 0212, cha shahada E freti ya 1, cha kati C freti ya 2, cha pete A freti ya 2.

Angalia hapo kuna siri watu wanairuka. Kutoka Am kwenda F kidole cha kati hakitoki, unaongeza tu kimoja. Kutoka F kwenda G7 cha shahada hakitoki, cha kati kinahama uzi mmoja tu kutoka G kuja C freti ileile, alafu cha pete kinatua. Kutoka G7 kurudi C, cha pete kinateleza freti moja juu ya uzi uleule wa A, vingine vinanyanyuka. Ukijifunza kodi kama picha nne tofauti utakuwa unanyanyua mkono wote kila mara na kuanza kutafuta upya, ndo maana watu wanachelewa. Jifunze safari kati ya kodi na kodi. Chukua mbili tu, Am na F, nenda rudi nenda rudi bila hata kucharaza, alafu F na G7, alafu G7 na C. Hiyo ya C kwenda Am ndo haina kidole cha kubaki, lakini ni kidole kimoja kwa kimoja, itakaa.

Utauliza, kwanini nitumie kidole cha pete kwenye C wakati cha shahada ndo kina nguvu? Sababu ni hiyo G7. Ukizoea C kwa kidole kingine safari ya kurudi inaharibika.

Haya, mkono wa kulia. Weka kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote uzizime kabisa, zisitoe noti, zitoe tu chak chak. Charaza pale shingo inapokutana na mwili, sio juu ya tundu, hapo sauti inakuwa laini zaidi. Tumia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukishuka inagusa kucha, ukipanda inagusa nyama ya ncha. Nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono, kama unavyopepea jiko la mkaa, bega halina kazi hapo. Sasa shuka panda shuka panda, hesabu moja na mbili na tatu na nne na, namba ni kushuka, "na" ni kupanda. Usiende haraka. Fanya hivyo mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea.

Sheria ni moja, mkono hausimami. Kama kuna sehemu hutaki sauti, mkono unapita hewani bila kugusa nyuzi lakini unapita. Ule mpigo maarufu unaofundishwa kila mahali, chini, chini juu, juu chini juu, watu wanashindwa kwasababu wanaukariri kama maneno sita. Ukiuhesabu ni hivi: moja (chini), mbili na (chini juu), tatu mkono unashuka hewani haugusi, na (juu), nne na (chini juu). Mkono umeshuka mara nne na kupanda mara nne kama kawaida, umekwepa tu mara mbili, ile "na" ya kwanza na ile tatu. Ukielewa hapo unaweza kutengeneza mipigo yako mwenyewe, unachagua tu wapi usiguse.

Na hapa nina ugomvi na hizo video. Huo mpigo ni wa nne kwa nne, yaani unahesabu mpaka nne unarudia, nyimbo zetu kibao haziko hivyo. Mapambio mengi, chakacha ya pwani, vitu vingi vya harusini vinaenda sita kwa nane, ukilazimisha mpigo wa YouTube unasikika kama unagombana na waimbaji. Jaribu hivi: hesabu moja mbili tatu nne tano sita, makofi yanaanguka kwenye moja na nne. Mkono ushuke kwenye moja, mbili kimya, tatu upande, nne ushuke, tano kimya, sita upande. CHINI, kimya, juu, CHINI, kimya, juu. Inaanza kuchechemea hivi, ndo yenyewe. Ikishakaa, gonga kwa nguvu kidogo kwenye nne au kwenye sita uone inavyobadilika. Weka simu ipige wimbo unaoujua, zima nyuzi kwa mkono wa kushoto, charaza chak chak juu yake wimbo mzima bila kodi hata moja. Watu wanaona ni mchezo wa kitoto lakini anaefanya hivi wiki mbili anampita anaejua kodi thelathini.

Ukianza kuunganisha mikono miwili, mkono wa kushoto ukichelewa usimsubiri. Acha wa kulia uendelee, hata kama kodi itatoka nusu au nyuzi wazi zilie. Wanaoimba hawatajali noti moja mbovu, ila ukisimama kila mtu anajua. Na imba, hata kimoyomoyo, maana kuimba ndo kunakuambia kodi inabadilika wapi. Anza na wimbo wa kodi tatu, C, F na G7, nyimbo za kanisani na zile za zilizopendwa nyingi zinaingia humo au zinakuwa karibu sana.

Shida itakayofuata ni sauti, kwamba kii ya C (yaani wimbo ukiwa na C kama nyumbani kwake) ni ya juu sana au ya chini sana kwako. Usijikamue koo. Hamisha: badala ya C, F, G7 tumia G, C, D7, yaani 0232, 0003 na 2020. Au A, D, E7, ambayo ni 2100, 2220 na 1202, hiyo D vidole vitatu vinabanana freti moja, wenye vidole vinene walaze kidole kimoja tu juu ya nyuzi tatu. Wapo wa kapo pia (kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni), inafanya kazi, ila ukulele tayari ni fupi, ukiweka kapo freti ya tano inabaki nafasi ya panya. Wapiga gitaa mnajua maumbo haya, shika D yako ya gitaa hapa inatoka G, kwahiyo mikono haina tatizo, ni majina tu.

Wa mashoto wageuze nyuzi ziwe kinyume, ila kwa ala ndogo hivi wengi wanapiga tu kama wengine na inakubali.

B flat (3211) utakutana nayo mapema ukipiga kii ya F, ni kidole cha shahada kulalia nyuzi mbili za chini na vingine juu yake, inawatoa watu machozi. Ikikukwamisha wimbo, hamishia wimbo kwenye G kwa muda na uendelee kuimba, huku ukiifanyia mazoezi pembeni dakika mbili mbili. Na usiiache ukulele kwenye gari juani, gundi inalainika daraja linanyanyuka, bora itundike ukutani sebuleni mahali unapopita, utajikuta unaishika hata unaposubiri wali uive.