Mawe ya kung'arisha: anza na siki

Ukishuka Pwani likizo usijaze begi kila jiwe linalometameta. Likiwa limelowa maji kila jiwe hupendeza. Likifika Nairobi likakauka, unabaki na kokoto. Na mengi ya ufuo wetu ni chokaa ya matumbawe, laini mno. Dondoshea siki: likitoa povu, liache. Kisha likwaruze kwa kisu. Likichubuka ni laini, lisipochubuka lichukue. Kwenye hifadhi za bahari, usiokote kitu.

Mashine yenyewe ya kung'arishia mawe ni pipa dogo la mpira linalozungushwa na mota. Lijaze mawe hadi theluthi mbili, yote ya ugumu unaokaribiana, makubwa kwa madogo. Ukichanganya laini na magumu, laini yataliwa. Weka unga wa msasa wa silikoni kabaidi na maji yanayokaribia kufunika mawe. Anza na unga mkwaruzo, wa punje kubwa, namba 60/90 (namba ikipanda, punje ni ndogo), kwa wiki nzima, kisha 120/220, kisha 500, mwisho unga wa kung'arishia. Ni kama mwezi hivi. Stima zikipotea usijali, zikirudi unaendelea.

Kati ya hatua, osha mawe na pipa hasa. Punje moja ya unga mkwaruzo ikibaki, itachora mawe yote.

Yale matope ya unga na mawe yanayobaki pipani, jamani, usiyamwage kwenye sinki! Hugandia ndani ya bomba kama saruji, na kwenye fleti utagombana na jirani wa chini. Yaache yatuame ndooni, mwaga maji ya juu nje, tope likaushe ulitupe na taka.