Kutandaza lamineti juu ya saruji, hasa kwa sisi wa Pwani

Lamineti ni ubao wa sakafu wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ukavalishwa picha ya mbao na ganda gumu juu. Ikinywa maji huvimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya ubao wa kwanza.

1. Pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1 sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, acha saa 24. Ukikuta umande chini yake, saruji inapandisha maji, usianze. Pima wakati wa masika ukiweza, maana sakafu iliyokauka Januari inaweza kutoa jasho Aprili. Kisha laza rula ya mita 2: bonde linalozidi milimita 3 lijazwe, kinundu kisagwe.

2. Nunua. Daraja la AC (kipimo cha kuhimili kukwaruzika na kuchakaa) la AC3 linatosha nyumbani. Sebule yenye pilikapilika, AC4. Unene wa milimita 8 unafaa. Wa 12 hutulia zaidi mguuni, lakini hauzuii maji kuingia. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyopotea katika kukata. Bafuni weka vigae, hakuna mjadala.

Boksi zilale bapa ndani ya chumba chenyewe saa 48 bila kufunguliwa.

3. Piga hesabu ya mistari. Wengi huruka hapa. Tuseme chumba kina upana wa sentimita 327 na ubao una 19. Ukiacha sentimita 1 kila upande zinabaki 325: mistari 17 na kiutepe cha sentimita 2, ambacho hakitashika. Pasua mstari wa kwanza ubaki sentimita 10.5, na wa mwisho utakuwa hivyo hivyo. Usishuke chini ya 5.

4. Tandaza. Nailoni ya mikroni 200 kwanza, vipande vipandiane sentimita 20. Juu yake foamu ya milimita 2 au 3. Tabaka moja tu, kwani foamu mbili hudidimia na kuvunja ndimi, yaani kingo za mbao zinazoshikana. Ingiza ulimi wa ubao (dume) kwenye mfereji wa ubao wa jirani (jike) kwa mshazari, kisha shusha. Viungo vya mstari mmoja viwe mbali na vya mstari wa jirani angalau sentimita 30.

Weka kabari ili ibaki milimita 10 kwenye kuta na nguzo zote, mbao hutanuka. Fundi akisema nafasi hiyo ni uchafu, msikilize kwa adabu, kisha iache vilevile. Sketingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, itaifunika, nayo ipigiliwe ukutani, kamwe si sakafuni. Mlangoni, kata mguu wa fremu ubao upite chini yake.

5. Tunza. Fagio laini, halafu dekio lililokamuliwa sawasawa. Mazoea yetu ya kumwaga ndoo na kusukuma maji nje yakome, na kila anayesafisha humo ndani aambiwe mapema. Nta na mashine za mvuke, hapana. Mchanga wa viatu uishie kwenye zulia la mlangoni, na miguu ya viti ivalishwe vitambaa.

Mbao zilizobaki zihifadhi bapa, pakavu, kwa ajili ya kubadilisha ubao utakaoharibika: rangi hiyo mwakani huenda isiwepo dukani.