Piga picha kabla ya kutaja bei

Ukiwa Guangzhou au mji wowote wa China, usianze kupatana bei ya begi, taa au kava la simu kabla hujafungua Taobao, programu ya simu ya Wachina ya kununulia vitu mtandaoni. Gusa alama ya kamera kwenye sehemu ya kutafutia, piga picha ya bidhaa, na papo hapo utaona zinazofanana nayo na bei zake. Juzi muuzaji aliniandikia yuan 180 kwenye kikokotoo. Simu ikasema 65. Nikafuta, nikaandika 70, nikamwonyesha na skrini. Alinuna kidogo, kisha akavuta mfuko akanifungia. Bei ya mgeni hukadiriwa kwa sura, lakini namba haihitaji Kichina wala ubishi.

Kwa nguo na viatu vya ngozi usiitegemee njia hii: picha ileile, kitambaa kingine. Bei za 1688, tovuti ya China ya kuuzia kwa jumla, nazo ni za jumla, usimbane mtu nazo kwa kipande kimoja. Maduka mengi ya jumla hayataki picha, kwa hiyo omba kwanza. Kwenye mboga haisaidii kitu. Huko kumbuka tu kwamba bei hutajwa kwa jin, yaani nusu kilo.