Tuombe Daftari, Si Hotuba: Namna ya Kumleta Mfanyabiashara wa Mtaani Darasani

Mwalimu, kama unafundisha Elimu ya Biashara Mtwara au Lindi, nakuandikia wewe. Mimi nakaanga korosho, nazifunga kwenye pakiti na kuziuza hapa Mtwara mjini, jumla na rejareja. Pia ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata yetu, kwa hiyo nalijua jambo hili kutoka pande mbili: najua mnavyotuomba, na najua tunavyowasikia.

Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024, wafanyabiashara tunaitwa shuleni mara nyingi kuliko zamani. Tunaambiwa tuje tuwatie moyo wanafunzi. Basi tunavaa vizuri, tunakuja, tunasema msikate tamaa, tunapigiwa makofi, tunaondoka. Mtoto anarudi nyumbani bila hesabu hata moja mpya kichwani. Anachohitaji kutoka kwangu kimo ndani ya daftari langu: nilinunua kwa kiasi gani, kiasi gani kiliharibika njiani, nani nimemkopesha, mwisho wa wiki nimebaki na nini. Niombe hicho, na yafuatayo ndiyo namna ya kukipata.

Nani wa kumwita

Usianze na tajiri wa mjini. Anza na mtu ambaye wanafunzi wako wanamwona kila siku lakini hawajawahi kumuuliza kitu. Mama anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa mafungu anajua kupanga bei kuliko wengi wetu: fungu likiwa kubwa anapata hasara, likiwa dogo mteja anahamia kwa jirani yake. Wakala wa pesa anaweza kuonyesha kwa nini siku za malipo ya korosho floti, yaani fedha ya kuhudumia wateja, inamwishia mapema na anawarudisha wateja. Dereva wa bajaji atawaeleza hesabu anayompelekea mwenye chombo kila jioni, mafuta yatoke wapi, na tairi likipasuka nani analipa. Mchuuzi wa soko la samaki la Feri atawaambia bei ya saa mbili asubuhi na bei ya saa nane mchana, na barafu inakula kiasi gani hapo katikati.

Kama shule yako iko Tandahimba, Newala, Ruangwa au Liwale, mtu wa kwanza kwenye orodha yako awe karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, yaani mkulima anaziweka ghalani kwa risiti na zinauzwa mnadani, na bado wazazi wengi wanasikia bei ya mnada redioni, kisha wanashangaa hela iliyoingia ni pungufu. Karani alete karatasi moja ya malipo, jina la mkulima likiwa limefunikwa, awapitishe watoto kwenye makato mstari kwa mstari: ushuru, usafirishaji, ghala, fungu la chama. Mtoto atakayeielewa karatasi ile atakwenda kumsomea baba yake jioni hiyohiyo. Hakuna somo la biashara lenye faida ya haraka kuliko hilo katika mikoa yetu.

Viwanda na bandari navyo ni vizuri, lakini ukienda huko usimwombe mkurugenzi. Omba mtunza stoo au mhasibu. Mkurugenzi atawapa historia ya kampuni. Mtunza stoo atawaonyesha mzigo unavyopokelewa, unavyohesabiwa na unavyopotea.

Lini

Hapa ndipo walimu wengi wanapokwama, halafu wanasema wafanyabiashara hawana ushirikiano. Mtu wa korosho usimwite kati ya Oktoba na Desemba. Ndiyo miezi yake ya kula mwaka mzima, na nyie wenyewe Novemba mna mtihani wa kidato cha nne. Mwite Februari au Machi, hesabu za msimu zikiwa bado mbichi kichwani na yeye ana nafasi. Mtu wa ufuta muache Juni na Julai. Wenye mashamba ya chumvi wanafanya kazi kiangazi, kwa hiyo wakati wa mvua ndio wanapatikana, ila ukitaka watoto waone chumvi ikikusanywa nenda kiangazi uwafuate wao hukohuko. Wavuvi wa pweza wanafuata bamvua, siku ambazo maji hukupwa sana, maana ndipo mwamba unapobaki wazi. Ukiwaita siku hizo hutampata hata mmoja. Waite siku za maji mafu, yasipokupwa sana. Na Ijumaa mchana mwache kila mtu aende kuswali.

Kwa saa, mtu wa sokoni mpe saa nane mchana. Asubuhi ukimtoa kwenye meza yake umemkata riziki, hata kama atakubali kwa heshima.

Namna ya kuomba

Barua yenye muhuri isiwe ya kwanza kufika. Ukiniletea barua kabla sijakuona, najua ni mchango wa madawati. Njoo mwenyewe dukani, salimia, nunua hata pakiti moja, kaa kidogo. Kama ni mama mtu mzima mpe shikamoo yake na umwite mama, usimwite mjasiriamali. Kisha sema unachotaka kwa kipimo: "Mama, nataka uje kidato cha pili, vipindi viwili, dakika themanini. Uwaonyeshe jinsi unavyopata bei ya pakiti moja. Hakuna hotuba." Barua ya mkuu wa shule ifuate baadaye, kwa ajili ya kumbukumbu na usalama.

Kuna hofu ambayo hatutakuambia usoni. Tunaogopa namba zetu. Tunaogopa kodi, tunaogopa mwenye nyumba akijua tunauza kiasi gani atapandisha pango, tunaogopa wenzetu wa soko. Kwa hiyo tukubaliane mapema mambo matatu: namba zitakuwa za mfano zinazokaribia ukweli, majina ya wadaiwa hayatasomwa, na hakuna simu itakayopiga picha daftari. Ukisema hivyo kabla sijauliza, nitakuamini, na nitaleta zaidi ya ulichoomba.

Kama mgeni wako hajui kusoma na kuandika, mwite vilevile. Wengi wanaweka mahesabu kichwani na hawakosei. Mwanafunzi mmoja aandike ubaoni anayoyasema, na hiyo peke yake ni kipindi kizima.

Dakika themanini zenyewe

Nikupe mfano ninaoutumia mimi. Namba hizi ni za kujifunzia. Weka bei za mwaka wenu.

Kilo 100 za korosho ghafi, tuseme kwa shilingi 2,500 kilo: 250,000. Zikibanguliwa zinatoa kiini cha kula kilo 20 hivi, maana uzito mwingi ni ganda. Kubangua na kumenya, 40,000. Mkaa, 20,000. Mifuko na lebo, 24,000. Usafiri, 10,000. Jumla ya gharama ni 344,000.

Kabla sijaendelea nawauliza wanafunzi: nimenunua kwa 2,500 na nauza korosho nzima kwa 22,000 kilo, faida yangu ni kiasi gani? Karibu wote wanasema 19,500. Siwacheki. Nawaandikia ubaoni. Katika zile kilo 20, nzima ni 14 kwa 22,000, yaani 308,000. Vipande ni kilo 6 kwa 14,000, yaani 84,000. Mauzo yote 392,000. Kilichobaki ni 48,000, kwa mzigo mzima, na hapo mshahara wangu sijautoa.

Halafu nawauliza: mbanguaji akiwa na haraka, nzima zikawa kilo 8 na vipande kilo 12, itakuwaje? Piga hesabu: 176,000 na 168,000, jumla 344,000. Faida imekwisha yote. Hakuna mwizi aliyepita na bei haijashuka. Ni kilo sita zaidi tu zilizovunjika. Darasa huwa linanyamaza, halafu maswali yanaanza kumiminika: kwa nini usimlipe mbanguaji zaidi kwa korosho nzima? Kwa nini usiuze vipande kwa wanaotengeneza keki? Hayo ndiyo mawazo ya mfanyabiashara, na hakuna aliyewaambia wawe nayo.

Fanya na hesabu ya kangomba, yaani kumpa mkulima fedha kabla ya msimu ili alipe kwa korosho. Watoto wetu wanaiona vijijini na wengine wanaingizwa humo. Agosti mzazi hana kitu, anapewa 40,000 kwa ahadi ya kilo 40 za korosho. Novemba kilo hizo zikiuzwa mnadani kwa 2,500 ni 100,000. Waulize wanafunzi: mkopo wa 40,000 umemgharimu mzazi kiasi gani kwa miezi mitatu? Usiwahubirie. Waache waandike 60,000 kwa mikono yao, kisha wajadili mzazi yule angefanya nini kingine Agosti ile. Jibu si rahisi, na mgeni wako akiwa muungwana atakiri hivyo mbele yao.

Wewe mwalimu kazi yako siku hiyo ni kukaa pembeni na kuunganisha. Mgeni akisema amechukua mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, mkumbushe mwanafunzi ni ukurasa gani wa somo. Usimkatize kila sentensi. Na mwache aseme Kiswahili chake, hata kama kitabu ni cha Kiingereza.

Baada ya darasa

Mgeni akishaondoka, somo likikaa wiki mbili bila mkono kufanya kitu, limepotea. Wape makundi ya watu watano watano mradi mdogo wa kweli: mboga kwenye shamba la shule, juisi siku ya wazazi, daftari na kalamu kwenye duka la shule. Mtaji utolewe kwa bidhaa, usitolewe kwa fedha taslimu, na urudi wote kabla ya kugawana chochote.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe na hesabu zinazotunzwa vizuri, na wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumike vipi. Jembe tulilichukua, hesabu na uamuzi tukaviacha. Virudishe. Kila kundi liwe na daftari, na yule mfanyabiashara aliyekuja darasani aombwe kulipitia mara moja kila mwezi. Kupitia daftari la watoto kunanichukua nusu saa, na nafanya kwa moyo mmoja kuliko kutoa mchango.

Kundi likipata hasara, liache lipate. Lisifidiwe kimyakimya na mwalimu. Likae na mgeni litafute hela imepotelea wapi.

Kama mnataka kujaribu usindikaji, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaoza chini ya mikorosho yetu kila msimu, na utafiti wa matumizi yake umefanyika hapahapa Naliendele, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Waulizeni. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wanafundisha ufungashaji. Ila bidhaa za kula za wanafunzi ziishie ndani ya uzio wa shule; za kupanga madukani zinahitaji alama ya TBS, shirika la viwango, na huo ni mwendo mwingine.

Usalama, na hapa sina mzaha

Mwanafunzi asibangue korosho ghafi. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na kidonda chake kinachukua muda kupona. Akija kwangu atapanga madaraja, atapima, atafunga, ataandika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mfanyabiashara anayeona wanafunzi ni vibarua wa bure, mwondoe kwenye orodha siku hiyohiyo, hata kama ni rafiki wa mkuu wa shule.

Hakuna mwanafunzi aendaye dukani kwa mtu peke yake. Waende kwa kundi, na mwalimu, mchana, wazazi wakiwa wamejulishwa. Namba za simu kati ya mgeni na wanafunzi zisipeanwe. Mawasiliano yote yapitie kwako. Kwa wasichana usilegeze hata kidogo. Mfanyabiashara mwenye nia njema hatakasirika kwa masharti haya. Mimi yananipa amani, maana yananilinda na mimi.

Cha kutupa sisi

Si lazima utulipe, lakini nauli ya bajaji mrudishie mtu wa sokoni, maana ameacha meza yake. Wiki hiyohiyo wanafunzi wawili waliochaguliwa na darasa waandike barua ya shukrani yenye jambo moja mahususi walilojifunza, na wewe uilete mwenyewe dukani. Nimebandika moja ukutani, imeandikwa: "Tumejifunza kwamba vipande vinaweza kula faida yote." Wateja wanaisoma na kuniuliza.

Halafu mwezi wa kwanza wa muhula unaofuata, pita tena. Usisubiri uwe na shida. Uliza msimu umekwendaje, chukua namba mpya, na uzipeleke darasani kulinganisha na zile za awali.