Kufunga taa za ukungu mwenyewe nyumbani: kazi kubwa iko kwenye waya

Huku Mbeya, ukitoka Uyole kwenda Tukuyu asubuhi na mapema msimu wa baridi, ukifika Isongole kuna siku huoni hata mstari wa katikati ya barabara. Wengi hapo wanawasha full, na ndipo wanapojiziba macho wenyewe. Ukungu ni matone madogo sana ya maji. Mwanga wa juu ukiyagonga unarudi usoni mwako, mbele panakuwa peupe tupu. Taa ya ukungu inasaidia kwa sababu inakaa chini kwenye bampa na mwanga wake umetanuka pembeni huku umekatwa kwa juu. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa atakuapia kwamba za njano ndizo zinazopasua ukungu. Chukua rangi uipendayo. Kinachofanya kazi ni kimo cha taa na pembe uliyoielekeza.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ya volti 12: IST, Probox, Noah, Premio na wenzao. Lori la volti 24 lina vifaa vyake. Na kama gari lako taa zake zinaendeshwa na kompyuta, kama magari mengi mapya ya Ulaya, usichune waya wowote. Mpelekee fundi umeme.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua wati za taa zote mbili, gawanya kwa 12, unapata ampea. Taa mbili za balbu za wati 55 ni wati 110, yaani ampea 9 na kidogo. Hapo weka fyuzi ya 15, ile ya bluu, na waya wa milimita za mraba 2.5. Taa mbili za LED za wati 18 zinakula ampea 3 tu, kwa hiyo fyuzi ya 5 au 7.5 (ya kahawia) inatosha, na waya wa 1.5. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya usiungue. Ndiyo maana anayeweka fyuzi ya 30 "ili isikatike katike" ameshaamua kwamba siku ya shoti kitakachokatika ni waya, na waya unakatika kwa moto.

Ukinunua waya usidanganywe na unene wa plastiki. Mwombe muuzaji achune ncha, kisha uangalie nyuzi zenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukibaki mwekundu ni shaba, ukitokea mweupe ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Achana nao.

Vingine vya kununua: rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pini nne na soketi yake, nyumba ya fyuzi yenye kifuniko cha kuzuia maji, swichi, lagi za kubana kwenye ncha za waya, paipu ya mikunjo ya kufunikia nyaya, na tepu. Nyumbani uwe na spana namba 10, bisibisi, pulaizi na malitimita (kipimo cha umeme).

Hatua ya 1: betri

Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche.

Ila angalia redio yako kwanza. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai namba za siri au kadi ya ramani ambayo ilibaki hukohuko. Kama yako ni ya aina hiyo, acha betri ilivyo, zungushia spana tepu ubakize mdomo tu, vua pete na saa, na fyuzi ya taa mpya usiichomeke mpaka kazi yote iishe. Bila fyuzi, nyaya zote baada ya pale hazina umeme.

Hatua ya 2: taa zenyewe

Hii ni rahisi. Bampa nyingi zina matundu yake yenye vifuniko vya plastiki. Ng'oa vifuniko, weka taa, kaza boliti. Kama hakuna matundu, funga kwa chini, usawa mmoja kushoto na kulia, mbali na mdomo wa rejeta ili usizibe hewa.

Hatua ya 3: rilei

Usipitishe umeme wa taa kwenye swichi. Swichi ndogo ya dashibodi ikipitisha ampea 9 kila siku inapata moto, plastiki inalainika, na utaanza kusikia harufu. Rilei ndiyo inayobeba mzigo. Swichi inaiamuru tu.

Igeuze rilei uangalie chini. Utaona namba zimeandikwa pembeni ya kila pini:

30: inatoka chanya ya betri, kupitia fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna wa kuulinda, kwa hiyo uwe mfupi.

87: inakwenda kwenye taa zote mbili.

85: inakwenda kwenye bodi.

86: inatoka kwenye swichi.

Ukikuta pini ya tano katikati imeandikwa 87a, iache wazi. Hiyo ina umeme wakati rilei imelala. Ukiiunga, taa zitawaka ukiwa umezima swichi.

Funga rilei juu kidogo, mbali na injini, pini zikitazama chini ili maji yasitulie ndani yake. Kwa mvua za Rungwe hilo si jambo la kupuuza.

Hatua ya 4: swichi

Umeme wa swichi uchukue kwenye waya wa taa ndogo, si moja kwa moja kwenye betri. Hivyo ukizima taa za gari na taa za ukungu zinazima, hata kama umesahau swichi. Waya huo utafute kwa malitimita kabla hujafungua betri: unaonyesha volti 12 taa ndogo zikiwaka, na sifuri zikizimwa. Mahali popote ndani ya gari ukikuta soketi au nyaya za njano, usiziguse. Huo ndio mtandao wa mifuko ya hewa.

Kupitisha waya kutoka kwenye injini kuingia ndani, tafuta ule mpira mkubwa ambao mkungu wa nyaya za gari unapita kwenye bati. Toboa mpira kwa pembeni, sukuma waya uliofungwa kwenye kipande cha seng'enge. Usitoboe bati lenyewe: makali yake yatakula plastiki ya waya kidogo kidogo.

Swichi yenye kitaa ina miguu mitatu. Mmoja unapokea umeme wa taa ndogo, mwingine unakwenda pini ya 86, wa tatu unakwenda bodi.

Hatua ya 5: ethi

Taa nyingi ninazoletewa eti "zimekufa" ni nzima, ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) ndiyo mbovu. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga lagi kwa boliti, kisha paka grisi juu yake.

Ukisharudisha betri na kuchomeka fyuzi, washa injini na taa. Pima betri: itakuwa kama 13.8 hadi 14.4. Pima tena kwenye soketi ya taa, waya kwa waya, taa zikiwaka. Ikipungua zaidi ya nusu volti, rudi kwenye maungio na ethi.

Hatua ya 6: kuelekeza mwanga

Kupata uwanja tambarare Mbeya ni shughuli. Jaribu kituo cha mafuta usiku, ukiongea vizuri na mlinzi. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya chaki. Ukizidi hapo, mwanga utarudi kwenye ukungu kama full, na dereva anayekuja mbele yako hataona kitu.

Kama kawaida yako ni kupakia magunia ya viazi nyuma, pima ukiwa umepakia, kwa sababu mzigo unainua pua ya gari. Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kaza boliti za taa tena na upime upya kwenye chaki.